UZI: Nguo za Kihindi zisizo na mikono kipindi hiki cha joto, kabla hujakata mikono angalia kitambaa kwanza

AsminiKavu

Habari za saa hizi wapendwa. Joto limeshaingia na meseji zimeshaanza, kila mwaka ni zilezile, shoga nina sendofu nataka sari ya blauzi isiyo na mikono, dada nitafutie kurti slivulesi (zile blauzi ndefu za Kihindi) za ofisini maana kwenye daladala tunapikwa, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja nifungue uzi niandike ninachokijua halafu wenye ujuzi zaidi waongezee.

Mimi nilisoma Chennai, kusini mwa India, miaka minne. Asiyeijua Chennai aichukulie kama Dar ya mwezi wa pili halafu aongeze. Iko pembeni ya bahari, hewa imejaa unyevu, na mwezi wa tano kuna wiki tatu na ushee wenyeji wanaziita kathiri, jua linawaka mpaka watu wanafunga madirisha mchana na kusubiri upepo wa bahari wa alasiri.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo nawaona wengi wanalifanya. Nilialikwa harusi ya mwenzangu wa darasani, nikaenda T. Nagar, mtaa wa Ranganathan pale karibu na stesheni ya Mambalam, panavyosongamana utafikiri Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, nikanunua panjabi ya jojeti rangi ya bahari, haina mikono, mgongo wazi kidogo, nikajua hapa joto nimelimaliza. Ukumbini sijamaliza hata saa moja jasho linatiririka mgongoni linaishia kiunoni, kitambaa kimenigandia tumboni na mapajani, nimetoka nje mara tatu kutafuta hewa. Pembeni yangu amekaa mama mwenye nyumba niliyopanga, tulikuwa tunamwita Amma, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, kavaa sari ya pamba ya Madurai ile ya vidoti wanaiita sungudi, blauzi yake ina mikono mpaka kwenye kiwiko, na yuko mkavu kabisa.

Amma akaniangalia, akachovya kidole kwenye glasi ya maji, akadondosha tone moja kwenye gauni langu na tone moja kwenye sari yake. Langu likakaa duara linang'aa kama maji juu ya jani la gimbi, likateleza likaanguka sakafuni. La kwake likanywewa palepale, likatanda doa la ukubwa wa sarafu, na tulipomaliza kula halikuwepo tena. Akaniambia mikono ikate ukishachagua kitambaa, sio kabla.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kwenye uzi huu wote. Mikono kutokuwepo haikupozi kama mwili uliobaki umeuvika plastiki. Jojeti nyingi za siku hizi, shifoni nyingi, krepu nyingi, ni poliesta, na chini yake wanaweka bitana ya poliesta tena, kwa hiyo umevaa mifuko miwili halafu umeachia mabega. Shifoni waliyokuwa wanavaa wanawake wa kifalme kule India zamani ilikuwa hariri, hii ya dukani ni jina tu wameliazima.

Sasa vitambaa. Cha kwanza kabisa kwangu ni mulmul, pamba nyepesi sana, ukiiweka mbele ya taa unaona vidole vyako. Bibi zetu waliiita melimeli, na ni neno lilelile la kwao, malmal, lilikuja huku na majahazi pamoja na kitambaa chenyewe, kama kaliko ilivyotoka Calicut, ambayo leo inaitwa Kozhikode, kule Kerala. Kwa hiyo sio kitu kigeni kwetu, tumekisahau tu tukakimbilia jojeti.

Halafu kuna Mangalagiri ya Andhra, hii ni pamba ya kufumwa kwa mkono, ina mwili kidogo, imesimama, kwa kurti ya ofisini isiyo na mikono sijaona inayoishinda. Kota doria ya Rajasthan ina vimiraba vidogo vidogo kama chandarua laini, inapitisha hewa ajabu ila inaonyesha, kwa hiyo ni nzuri kwa mtandio au sari kuliko kurti. Kama ni harusi na lazima ing'ae chukua Chanderi, ni mchanganyiko wa hariri na pamba, inang'aa kwa upole na ni nyepesi kama haipo. Hariri nzito ya Kanchipuram ni nzuri mno, nani anabisha, lakini iache kwa ukumbi wenye kiyoyozi au usiku.

Rayoni niiseme peke yake kwa sababu ndiyo imejaa madukani na wengi wanaambiwa ni pamba. Ukiigusa ni ya baridi, inaanguka vizuri, na jasho inakunywa kweli, tatizo ikishakunywa inakuwa nzito, inashika mwili, inachelewa kukauka na doa la kwapa linaonekana toka mbali. Halafu inarudi ikifuliwa. Kwa jioni ya kutembea ni sawa, kwa siku nzima ya mihangaiko hapana.

Nakuja na upande wa ushonaji, ngoja nimpe mtoto uji.

MamaPacha

Dada AsminiKavu asante sana, nimeweka kambi hapa. Mimi nina swali la aibu kidogo, mikono yangu ni minene hasa huku juu na baada ya kujifungua kwapani kuna kinyama kinatokeza mbele, napenda sana hizi nguo lakini kila nikivaa naona kama nimelazimisha, na ofisini kwetu bosi ni mtu mzima sitaki nionekane sina heshima. Nifanyeje?

FundiMagomeni

Wakuu salaam, mimi ni fundi cherehani mwaka wa 17 huu, naomba nichangie kabla dada hajarudi maana hapo MamaPacha amegusa penyewe.

Tatizo kubwa la nguo isiyo na mikono ni tundu la mkono. Wateja wengi wanakuja na kurti yenye mikono wananiambia fundi toa mikono tu, nikikataa wananiona mvivu. Nguo iliyokatwa kwa ajili ya mkono ina tundu kubwa, inashuka chini kwa sababu mkono utajaza pale. Ukiutoa, tundu linabaki linapwaya, ukiinua mkono sidiria yote nje, na bega linatoka nje ya bega lako. Ya bila mikono tundu lazima lipande juu, mimi huwa napandisha sentimita moja mpaka moja na nusu, na bega naliingiza ndani kidogo. Kipimo changu, kati ya kwapa na nguo viingie vidole viwili vimelala, basi. Vikiingia vinne umeshaharibu.

Sasa kwa dada mwenye kinyama cha kwapani, watu wengi wanadhani dawa ni kulegeza. Ni kinyume chake. Tundu likikaa chini ndio linakisukuma kile kinyama kitoke juu ya nguo. Tundu likipanda likakaa palepale kwenye mkunjo wa mkono linakifunika vizuri. Na kama mbele tundu linabwaga, kuna mkunjo mdogo unashonwa kutoka kwenye tundu kuelekea kifuani unalivuta likalala. Mwambie fundi wako, akikwambia haiwezekani tafuta mwingine.

Pindo la tundu nalo lifungwe kwa utepe uliokatwa mshazari, tena wa pamba, usiwekewe ule utepe wa dukani mgumu, ule unakwangua ngozi mpaka inatoka vipele.

AsminiKavu

FundiMagomeni ubarikiwe, umesema vizuri kuliko ningeandika mimi.

MamaPacha, wala sio swali la aibu. Naongezea haya kwa alichosema fundi. Bega la nguo lisiwe jembamba kama uzi, bega pana linalofika mwisho wa mfupa linaufanya mkono uonekane umenyooka, bega jembamba linauacha mkono wote peke yake. Shingo iwe ya V au ya mviringo mrefu. Halafu jaribu kurti ndefu inayopita goti yenye mipasuo ya pembeni mirefu, unavaa na palazo (suruali pana) ya pamba, ukitembea hewa inaingia kwa chini inatokea juu. Kwa ofisi chukua mtandio wa mulmul au wa Kota upana wa kutosha, unauweka mabega yote mawili kama wanavyofanya walimu wa kike kule, unabana kwa pini moja kila bega kwa ndani. Mikono imefunikwa nusu, hewa inapita, na mbele ya bosi uko vizuri. Ukitoka nje unauteremsha bega moja.

Na kitu kingine ambacho wengi hawakijui kabisa: ukinunua kurti au anarkali (gauni la kumwagika) ya India iliyoshonwa tayari na haina mikono, usikimbilie kuivaa. Igeuze ndani nje, pitisha mkono kwenye mshono wa ubavuni au chini kwenye pindo, mara nyingi utakuta vipande viwili vya kitambaa vimeshikizwa kwa nyuzi tatu nne. Hiyo ndiyo mikono yake. Wanaiuza hivyo makusudi ili anayetaka mikono ashone, asiyetaka aache. Nimewaona watu wanavitupa wakidhani ni mabaki. Vitunze! Mimi kipande kimoja kiliniokoa, kurti ilikuwa inanibana ubavuni fundi akaongezea vidude vya pembe tatu chini ya kwapa kwa kitambaa kilekile, huwezi kujua.

Sari nayo ni hivyohivyo, nyingi zinakuja na kipande cha blauzi mwishoni, sentimita 80 hivi, hakijakatwa. Kwa blauzi isiyo na mikono kinakutosha na kinabaki. Ila kama sari yenyewe ni ya poliesta na umeipenda, kipande hicho kiache, kashone blauzi ya pamba rangi inayooana, na bitana ya pamba. Mwili wa juu ndio unaotoa jasho, ukiupa pamba pale umeshapunguza nusu ya mateso.

Binti Kisauni

Waleta mada mashallah. Mimi niko Mombasa na hapa kwetu harusi bila nguo za Kihindi si harusi. Nataka nizungumzie lehenga, ile sketi ndefu na blauzi yake, maanake nyinyi mmekaa kwenye kurti sana.

Sisi wengi tunavaa buibui nje, kwa hivyo zile lehenga za blauzi bila mikono tunavaa ukumbini wanawake watupu. Sasa hebu fikiria, umevaa lehenga ya kilo tatu nne ya shanga, juu yake buibui ya krepu, ndani ya gari, foleni ya Nyali, ukifika ukumbini umeshaiva. Nilichojifunza ni kuwa uzito uwe kwenye sketi tu, blauzi iwe nyepesi haina shanga kwapani kabisa. Shanga na zari (zile nyuzi za kung'aa za dhahabu na fedha) za karibu na kwapa zinakwangua ngozi ya ndani ya mkono, mwisho wa sherehe mkono umekuwa mwekundu na unawasha kwa jasho. Mimi nilishonewa moja hivyo na fundi mmoja hapa mjini, nzuri ya kupigia picha, nikarudi nyumbani na vidonda, wiki nzima sikuweza kushusha mikono. Tangu siku hiyo namwambia fundi, vidole vitatu kuzunguka tundu la mkono sitaki hata shanga moja.

Na gagulo jamani. Hizi gagulo za kubana za mpira za kuvalia sari zinakupa umbo kweli lakini kwa joto la Mombasa ni adhabu. Gagulo la pamba la kamba kiunoni, basi.

MtotoWaKigoma

Naomba nitoe angalizo maana naona wote mnazungumzia joto la pwani. Mimi nipo Jaipur nasoma, huu mwaka wa tatu. Huku joto ni kavu. Mwezi wa tano na wa sita unapigwa na upepo wanauita loo, ni kama umefungua mlango wa tanuri la mkate. Mji wa Phalodi uko hukuhuku Rajasthan, 2016 ulifika nyuzi 51. Nilipofika nilikuja na kurti zangu zote hazina mikono kwa sababu niliambiwa India kuna joto, siku ya tatu ngozi ya mabega imebabuka.

Angalieni wenyeji wa huku wanavaa nini mchana, mikono mirefu ya pamba iliyolegea, kichwa kimefunikwa na kitambaa, wasichana wa pikipiki wanavaa mpaka glovu ndefu za pamba. Kwenye joto kavu jasho linakauka lenyewe, shida yako ni jua na upepo wa moto, kwa hiyo funika. Kwenye joto la unyevu kama Dar, Mumbai, Kochi, jasho halikauki, hapo ndipo kuacha mikono kunasaidia kwa sababu kwapa linapata hewa. Kwa hiyo mtu anayekuja India aulize kwanza anaenda mji gani. Mabinti wanaokuja huku kusoma waje na zote, zisizo na mikono za jioni na ndani, na za mikono mirefu ya mulmul za kutembelea mchana.

Faida ya huku ni vitambaa. Sanganer na Bagru viko pembeni tu ya mji, wanachapa pamba kwa mihuri ya mbao, unamwona mtu anapiga muhuri kwa ngumi, tap, anasogeza, tap, maua yanajipanga mstari mmoja bila rula. Mchapo wa mkono ukiuangalia vizuri kuna mahali ua moja limepishana kidogo na jirani yake, na rangi imepenya mpaka upande wa pili. Ikiwa nyuma ni nyeupe kabisa na maua yote yako sawasawa, hiyo ya mashine.

Mzee wa Ilala

Nimesoma yote. Naheshimu mchango wenu lakini niulize, hii ya kuvaa bila mikono ni mila ya Wahindi kweli au ni kuiga Wazungu tu? Wahindi niliokua nao Kisutu na Upanga mama zao walikuwa wanajistiri.

AsminiKavu

Shikamoo mzee. Ni swali la haki na nalijibu kwa heshima zote.

Mimi nilidhani kama wewe mpaka nilipoanza kuuliza. Kwa jinsi nilivyoelezwa na kusoma, blauzi yenyewe ya sari ndiyo iliyokuja baadaye. Sehemu nyingi za India sari ilikuwa inafungwa bila blauzi ya kushonwa, kitambaa chenyewe ndicho kilichostiri. Kule Bengal blauzi na gagulo ilienezwa karne ya 19, na anayetajwa sana ni Jnanadanandini Devi wa ukoo wa Tagore, alikaa Bombay akarudi na mtindo mpya wa kuvaa sari na blauzi kwa sababu wanawake wa heshima walianza kutoka nje kwenye hafla. Na kule kusini Travancore, sehemu ya Kerala ya leo na Tamil Nadu kidogo, wanawake wa tabaka la chini walikatazwa kufunika kifua kama wa tabaka la juu, walipambana miaka mingi sana mpaka 1859 ndipo walipopata ruhusa ya kufunika. Kwa hiyo nani afunike nini huko imekuwa kesi nzito, na watu wameteseka kwa ajili yake, sio suala la kuiga tu.

Kustiri mzee kuko palepale. Nikienda nyumbani kwa rafiki kumsalimia bibi yake nilikuwa naweka mtandio mabega yote. Hekaluni vilevile, kuna mahekalu kama Padmanabhaswamy pale Thiruvananthapuram hawakuruhusu hata suruali, mwanamke avae sari au vazi jingine la jadi na mwanaume avue shati afunge mundu, kile kitambaa cha kiunoni. Lakini sehemu nyingi nyingine ukiwa na mtandio mpana mkobani unaingia, unatoka, unaendelea na safari. Ndiyo maana mimi sinunui kurti isiyo na mikono kama sijapata na mtandio wake wa pamba.

Mzee wa Ilala

Marahaba binti. Nimekuelewa, na hilo la 1859 sikuwahi kulisikia. Nitamwambia na mama watoto.

Jabali

Na sisi wanaume tumesahaulika humu. Mimi nilivaa kurta (shati refu la Kihindi) na kile kikoti cha bila mikono cha kola ya kusimama kwenye harusi ya shemeji yangu Arusha sikupata shida, nikavaa hichohicho Tanga, nusura nizimie.

FundiMagomeni

Jabali kikoti hicho tatizo lake ni bitana na karatasi ngumu wanayogandisha ndani kwa pasi ili kisimame. Kinaziba hewa yote kifuani na mgongoni. Waambie wakushonee cha khadi (pamba ya kusokotwa na kufumwa kwa mkono) au kitani bila bitana mgongoni, mbele tu waweke bitana nusu, na kurta ya ndani iwe mulmul nyeupe. Kola ikae mbali na shingo kidole kimoja. Hutapata shida hata Tanga mwezi wa pili.

Umm Salma Maskati

Assalaam alaykum nyote. Mimi niko Maskati na wiki iliyopita tu nilikuwa Ruwi nikitafuta vitambaa. Muuzaji ananiapia hii pamba safi, hii pamba safi, mwisho nikatoa uzi mmoja kwenye ukingo nikamwomba kiberiti. Uzi wa pamba unawaka kama karatasi, unanukia karatasi, unabaki jivu laini ukiliminya linapotea. Ule wake ukasinyaa, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kidonge kigumu kama shanga. Alinyamaza. Basi wanaoweza fanyeni hivyo, ila chomeni uzi tu, mbali na nguo.

Na nyinyi mnaopenda chikankari ya Lucknow, ile ya kutarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, geuzeni nyuma. Ya mkono nyuma kuna mafundo, nyuzi zimevuka kutoka jani moja kwenda jingine, kuna mshono unapita kwa nyuma ili mbele kionekane kivuli tu. Ya mashine nyuma ni safi na imefanana. Na hakikisheni ni juu ya pamba, maana wanaitarizi na kwenye jojeti, halafu mtu anasema chikankari ina joto.

Mimi nje huku navaa abaya ya wazi juu ya kurti isiyo na mikono, nikiingia kwa wanawake wenzangu navua abaya, nimekamilika.

AsminiKavu

Waalaykum salaam Umm Salma, hilo la uzi na kiberiti ni dhahabu.

Niseme sasa kupamba, maana watu wameniandikia inbox. Nguo ikikosa mikono, mkono wenyewe ndio unakuwa wa kuvishwa. Chennai bibi harusi anavaa vanki, pambo la dhahabu la juu ya kiwiko lina umbo kama la V iliyogeuzwa, kaskazini wana bajuband ya kufunga kwa uzi. Kwa sherehe yako ya kawaida huhitaji dhahabu, moja ya rangi ya fedha iliyofifia inatosha, uvae mkono mmoja tu, halafu bangili za kioo mkono wa pili. Herini kubwa za kengele, shingoni usiweke kitu. Ukijaza shingo, masikio na mikono yote kwa wakati mmoja na joto hili kila chuma kinakugandia.

Nywele zipande juu. Kule wanafunga shada la asmini kwenye kisogo, na sisi wa huku tuna vikuba vyetu, asmini na mlangilangi na rehani, mimi nafunga kikuba kwenye fundo la nywele na kurti ya Mangalagiri nyeupe, watu wananiuliza nimepaka manukato gani. Viatu vya Kolhapuri vya ngozi, ila vivae ndani kwanza siku mbili tatu vilainike.

Kwapa jamani tuliseme wazi. Dawa ya kwapa ikauke kabisa kabla hujavaa, ikichanganyika na jasho kwenye pamba nyeupe ndiyo inaleta yale madoa ya njano yasiyotoka. Mimi natumia shabu, nalowesha kipande napitisha kwapani nikitoka kuoga, kule wanaiita phitkari na wanaitumia vilevile. Manukato usipulizie kwenye zari, inafifia ikawa nyeusi. Kwa blauzi ya hariri shonea pedi ndogo ya pamba kwapani kwa ndani, ya kutoa na kufua.

Na kufua. Pamba zilizochapwa rangi za asili, ajrakh hasa ile ya bluu na nyekundu iliyoiva, mara mbili tatu za kwanza fua peke yake, maji ya baridi, anika kivulini ndani nje. Amma alikuwa anachuja maji ya wali anachovya sari zake za pamba, anakunguta, anaanika. Nilidhani ni kwa ajili ya urembo wa mikunjo. Kumbe kitambaa chenye wanga kidogo kinasimama mbali na ngozi, hewa inapita katikati. Kidogo tu lakini, ukizidisha kinakuwa kama karatasi na hakipitishi kitu.

MamaPacha

Dada nimerudi na mrejesho. Jana nimeenda Kariakoo, maduka sita, tone la maji nimedondosha mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama ni mzima. Duka la sita nimepata kitambaa cha pamba cha kuchapwa, rangi ya kijani kibichi na vimaua vyeupe, tone likanywewa hapohapo, uzi nikachoma ukawa jivu. Mita mbili na nusu. Mtandio sijapata wa kufanana. Fundi wangu nimemwambia apandishe tundu, akasema hajawahi ila atajaribu.

FundiMagomeni

Mwambie asikate kitambaa chako kwanza. Akate kwenye shuka kuukuu, ashone kwa mkono haraka haraka, uvae, uinue mkono kama umeshika bomba la daladala, ujiangalie kwenye kioo kwa ubavu. Ikikaa sawa ndio akate.

Na ukilowesha kitambaa usiku mmoja kabla ya kukata kitarudi sehemu kubwa, hakitakubana sana baada ya kufua.

AsminiKavu

Hongera sana mama. Mtandio usihangaike kufananisha, chukua melimeli nyeupe mita mbili na robo, pindo zikunjwe nyembamba kwa mkono, na kama utapenda mchovye mwisho mmoja kwenye rangi ya kijani hicho. Juu ya bega pana la kurti ya kijani utakaa vizuri kabisa. Lowesha kwanza kama fundi alivyosema, cha kurti leo usiku, cha mtandio ukikipata ndoo tofauti.

MamaPacha

Cha kurti kipo kwenye maji tayari. Kijani kimetoa rangi kidogo, ni kawaida?

AsminiKavu

Kidogo ni kawaida. Mwaga, weka maji mengine ya baridi, rudia mpaka yatoke meupe. Kikiendelea kutoa rangi mpaka mara ya nne ya tano usikishonee bitana nyeupe, chukua ya kijani au ya maziwa.